Mwenye Kuandika kwenye Soketi Njo Mwenye Seva

Wandugu, wadada, na wakubwa wetu wenye mumetoka Likasi na Kolwezi, asante kwa kutupatia jumamosi yenu. Leo nitasema jambo moja tu: soketi (faili yenye programu zinapitisha amri) yenye kuongoza VM (mashini za kuigwa zenye zinatembea ndani ya mashini moja) kwenye seva zetu, na ni nani eko na haki ya kuiandika. Najua wengine wanawaza ni kitu kidogo, ni faili tu kule ndani ya /var/run, lakini mimi naona njo mulango wenye tunaacha wazi zaidi kuliko yote, na tunauacha wazi sisi wenyewe, na mikono yetu, wakati tunasaidia mutu.

Muangalie namna tunatumika hapa Lubumbashi. Seva ya nguvu ni bei, inapita Kasumbalesa, inalipiwa duane, kisha inaomba onduleri na betri juu umeme wa SNEL unaweza kuenda saa yoyote. Kwa hiyo mutu akipata mashini moja nzuri anaweka vyote pale ndani: VM ya kontabilite, VM ya stoki, VM ya majina ya wagonjwa ao ya wanafunzi, VM ya kamera, na moja ingine ya stajeri ya kujifunzia. Ni akili nzuri na sitasema neno juu yake. KVM, sehemu yenye inasaidia Linux kutembeza VM, imeingia ndani ya kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux na toleo 2.6.20 mwaka 2007, QEMU, programu yenye inatembeza kila VM, yenye alianzisha Fabrice Bellard, iko tangu 2003, ni vitu vimekomaa, tena ni vya bure. Lakini vyote vikiwa ndani ya mashini moja, mwenye kushika mashini ile ameshika kazi yote, kontabilite, wagonjwa, kamera, vyote, na hana haja ya kujua modepasi ya VM hata moja.

Sasa namna gani mutu anaishika? Wengi tunatumia libvirt, programu ya kuongoza VM, hata kama hatuijue kwa jina, juu virt-manager (ya madirisha) na virsh (ya kuandika amri) zote zinapita pale. Demoni ya libvirt, ni kusema programu yake yenye inatembea nyuma kila wakati, inatumika kama root, mwenye nguvu zote kwenye seva. Wewe ukiandika virsh start, wewe mwenyewe hauwashe kitu, unatuma neno kwa njia ya soketi na demoni njo inafanya kazi na nguvu yake ya root. Kwa hiyo swali lote ni moja: nani anaruhusiwa kutuma neno?

Andikeni ls -l /var/run/libvirt/ kwenye Debian ao Ubuntu (aina za Linux) yenye haijaguswa, mutaona karibu hivi:

srw-rw---- root libvirt libvirt-sock
srw-rw-rw- root root libvirt-sock-ro
srw------- root root libvirt-admin-sock

Herufi ya kwanza, s, inasema hii ni soketi. Ile yenye -ro ni ya kuangalia tu, mutu anaweza kuona VM gani inatembea na inakula memori ngapi, basi. Ya admin ni ya kuongoza demoni yenyewe, root peke yake. Ile ya juu njo ya leo. Kwenye Linux, ili programu iunganike na soketi ya namna hii inaomba ruhusa ya kuandika kwenye faili ya soketi, na ruhusa ya kupita ndani ya foda zote zenye kuelekea pale. Kusoma peke yake hakutoshe. Basi ile w (kuandika) ya pili, ya kikundi cha libvirt, njo inapatia watu njia. Kila mutu mwenye kuwa ndani ya kikundi kile anaandika kwenye soketi, demoni inatii.

Na kutii maana yake nini? Hapa ninaomba musikilize kabisa. Tuseme stajeri eko ndani ya kikundi cha libvirt. Hana sudo (ruhusa ya kutumia nguvu ya root), hana modepasi ya root, wewe unalala vizuri. Yeye anaandika virsh attach-disk, jina la VM yake ya kujifunzia, kisha /dev/sda, kisha vdb, jina lenye diski itapata ndani ya VM. Diski ya seva yenyewe, si ya VM, inaingia ndani ya VM yake. Libvirt haimuulize swali, tena inamusaidia, inabadilisha mwenye diski ili QEMU iweze kuisoma. Ndani ya VM ile stajeri ni root, kwa sababu ni yake, aliiweka yeye. Anafungua vdb, anasoma /etc/shadow (faili ya modepasi) ya seva, anaweka ufunguo wake wa SSH (wa kuingia kutoka mbali) ndani ya foda ya root, anatoka. Labda ataharibu faili kadhaa juu diski ile inatumika pande mbili kwa wakati mumoja, lakini ameingia. Hapa hakuna virusi wala programu yenye kuvunja kitu, ni amri ya kawaida yenye iko ndani ya maelezo ya virsh, na watu wa libvirt wenyewe wameandika wazi kwamba mwenye kuandika kwenye soketi hii eko sawa na root.

Kwa hiyo mukisikia mutu anasema "nimuongeze tu kwenye kikundi cha libvirt, si sudo", mujue amempatia sudo, tena sudo yenye haiombe modepasi na yenye haiandikwe ndani ya logi ya sudo.

Hii inatokea namna gani kwetu? Inatokea na wema. Kijana anakuja staji, anafungua virt-manager, inamwambia haiwezi kuunganika na libvirt, ruhusa imekataliwa. Eko na wiki kadhaa tu za staji, tena eko na ripoti ya kuandika. Unamuonea huruma, unaandika usermod -aG libvirt na jina lake, anaanza kutumika. Staji inaisha, anapewa karatasi yake, tunapiga picha pamoja, na jina lake linabakia ndani ya kikundi. Ukifika kazini andika getent group libvirt na uangalie majina yenye yako pale. Fanyeni vile hata kama munajiamini.

Na kumutoa kuko na kitu chenye watu mingi hawajue. Ukiandika gpasswd -d, faili /etc/group inabadilika, lakini programu zenye mutu alifungua mbele ya pale zinabakia na kikundi cha zamani, juu kerneli inapatia programu vikundi vyake wakati mutu anaingia, hairudie kuuliza. Kama aliacha tmux (programu yenye inabakia wazi hata mutu akitoka) inatembea, tmux ile ingali na haki ya kuandika kwenye soketi, hata mwezi muzima, mupaka seva izimwe. Basi baada ya kumutoa, mumalizie kazi: loginctl terminate-user na jina lake, kisha muangalie na ps kama hakuna kitu chake kimebakia.

Kuko na wengine wenye wanafanya mubaya zaidi, hawaongezi mutu kwenye kikundi, wanaandika chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mutu) kwenye soketi yenyewe. Inatumika, kila mutu anafurahi. Kesho umeme unakatika, seva inawaka tena, soketi imerudia vile ilikuwa, juu /run (njo ile /var/run) iko ndani ya memori na soketi inatengenezwa upya kila mara. Mutu anakasirika, anaweka chmod ile ndani ya cron (orodha ya amri zenye seva inafanya yenyewe) ili irudie peke yake kila seva ikiwaka. Hapo sasa hata programu ya tovuti yenye inatembea na jina la www-data inaweza kuongoza VM zote. Mutu wa mbali anapata tundu dogo ndani ya fomu ya tovuti, na kutoka pale anafika kwenye diski ya seva bila jasho. Kama muko na chmod ya namna ile ndani ya cron ao rc.local, muiondoe leo jioni, musingojee siku ya kwanza.

Wengine watasema, mimi nilifanya vizuri, nilifungua libvirtd.conf, faili ya mipango, nikaandika unix_sock_group na unix_sock_rw_perms (kikundi cha soketi na ruhusa zake). Nzuri, lakini mujue hivi: tangu libvirt 5.6.0, ya mwaka 2019, systemd (programu yenye inawasha demoni za Linux) inaweza kufungua soketi yenyewe na kuipatia libvirt, na ikiwa hivyo mistari ile ya libvirtd.conf haitumiki. Haileti kosa, haisemi kitu, inaachwa tu pale. Unaweza kuandika 0700 (mwenyewe peke yake) na soketi ikabakia 0660 (na kikundi pia). Mahali pa kubadilisha ni systemctl edit libvirtd.socket, ndani ya [Socket] unaweka SocketGroup= na SocketMode=, kisha unasimamisha libvirtd.service kwanza, unawasha soketi upya. Kwenye Linux za Fedora tangu 35 na RHEL tangu 9, jina ni virtqemud.socket, juu demoni ile moja imegawanywa. Na musiogope, kusimamisha demoni hakuzimi VM, kila VM ni programu yake ya QEMU, inaendelea kutembea na kontabilite haitajua kitu. Kisha rudieni ls -l, muone na macho. Kile chenye ls inakuonyesha njo ukweli, kile chenye kiko ndani ya faili ya mipango ni nia tu.

Sasa mwenye kutumia Fedora atasimama aniambie, papa, kwangu soketi iko srw-rw-rw-, kila mutu, mumenivamia! Hapana, tulia. Pale ruhusa za faili ziko wazi kwa makusudi kwa sababu polkit, programu ya kutoa ruhusa, iko nyuma, kama parsele yenye geti iko wazi lakini sentineli anasimama pale na anauliza kila mutu jina. Kerneli inaambia libvirt ni nani ameunganika, uid yake (namba ya mutu) na pid yake (namba ya programu), mutu hawezi kuyadanganya, kisha polkit inaangalia kama anaruhusiwa kufanya org.libvirt.unix.manage, ni kusema kuongoza libvirt. Lakini ukiwa na soketi ya 0666 (wazi kwa kila mutu) na ndani ya libvirtd.conf mutu ameandika auth_unix_rw = "none", hauna geti na hauna sentineli. Muangalie vyote viwili pamoja, kimoja bila kingine hakisemi kitu.

Polkit iko na uzuri mwingine, na hapa ninafurahi kweli, juu inaleta jibu kwa shida ya stajeri. Ukiandika access_drivers = [ "polkit" ], libvirt inaanza kuuliza polkit kwa kila kazi, si kwa mulango tu. Unaweka kanuni ndogo ndani ya /etc/polkit-1/rules.d/ yenye inasema: mutu huyu anaruhusiwa org.libvirt.api.domain.start, na org.libvirt.api.domain.stop, kama domain_name (jina la VM) ni mashini-ya-staji. Basi. Anawasha yake, anazima yake, ya kontabilite haigusi, kubadilisha diski hawezi. Ni mistari kama kumi ya JavaScript, inaomba asubui moja ya kujaribu, na inafaa.

Na kama stajeri anataka kujifunza tu, musimupeleke hata kwenye soketi ya mfumo. Mumuonyeshe qemu:///session. Pale libvirt inatembea na jina lake yeye mwenyewe, VM ni zake, diski ziko ndani ya foda yake, na akiomba /dev/sda anakataliwa sawa mutu yeyote mwenye hana haki. Rezo yake itakuwa ndogo kidogo, VM inatoka nje lakini kuingia kutoka nje inaomba mipango, kwa kujifunza inatosha kabisa. Anahitaji /dev/kvm tu ili iende mbio, na kuwa ndani ya kikundi cha kvm hakumupatie VM za wengine. Kvm na libvirt ni vikundi viwili tofauti sana, musivichanganye eti vyote ni vya VM.

Niseme kidogo juu ya qemu.conf, faili yenye inasema namna libvirt itawasha QEMU. Kuko shauri lenye linatembea sana: ukipata "Permission denied" juu ya diski ya VM, andika user = "root" ndani ya qemu.conf. Ninaomba, kwa heshima yote, tuache shauri hili. Kosa lile mara nyingi linakuja juu mutu ameweka faili ya VM ndani ya /home yake, na QEMU yenye inatembea na jina libvirt-qemu haiwezi kupita ndani ya foda ile. Hamisha faili uipeleke /var/lib/libvirt/images, ao patia ruhusa ya kupita tu, setfacl -m u:libvirt-qemu:x kwenye foda. Dakika mbili. Ukiweka root, umevunja ukuta wenye unabakia siku QEMU yenyewe itapata tundu, na tundu zinapatikana. Mwaka 2015, mwezi wa tano, Jason Geffner wa CrowdStrike alitangaza VENOM, CVE-2015-3456: kosa ndani ya sehemu ya programu ya kusoma disketi, disketi zile za zamani, lilikuwa ndani ya QEMU tangu 2004, na lingeweza kutoa mutu ndani ya VM kumuleta kwenye seva. Hata VM yenye haina disketi ilikuwa ndani ya hatari. Kama QEMU yako inatembea bila root, na SELinux ao AppArmor (ulinzi wa Linux wenye kuwekea programu mipaka) inapatia kila VM alama yake isiguse diski ya jirani, mutu mwenye ametoka anajikuta ndani ya chumba kidogo. Kama uliweka root na ukaandika security_driver = "none" ili "isisumbue", anajikuta sebuleni. Ni ile ile VENOM.

Rezo nitapita haraka. Poti (mulango wa rezo) 16509 ya libvirt haina usiri, isifunguliwe, na auth_tcp = "none" isiandikwe popote duniani. Mukitaka kuongoza seva ya Likasi mukiwa hapa, tumieni qemu+ssh, na ufunguo wa SSH, inatosha. VNC za VM (njia ya kuona ekrani ya VM kutoka mbali) zibakie 127.0.0.1, ndani ya seva yenyewe, juu modepasi ya VNC inaishia herufi 8 na haikingi kitu, mupite na ssh -L, njia ya siri ya SSH. Na wenye kuwasha QEMU kwa mikono, musiweke soketi ya monita (yenye kuongoza QEMU) ndani ya /tmp, foda ya watu wote: mwenye kuishika anaweza kuchukua memori yote ya VM, na amri ya migrate na exec: inaweza kutembeza programu kwenye seva na jina la mwenye QEMU. Tengenezeni foda ya 0700, soketi iingie mule.

Hii yote si mambo ya wataalamu kujisifu. Ndani ya VM zile muko majina ya watu, ugonjwa wao, deni zao, mishahara yao. Inchi yetu iko na Code du numérique (sheria ya mambo ya dijitali), ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na inasema wazi kwamba mwenye kutunza habari za watu anapaswa kuzilinda. Mama wa Katuba mwenye alipatia kliniki jina lake na shida yake hakujua kuko soketi. Alituamini sisi.

Sawa, tujibu swali moja mbele ya kutoka, juu dada pale nyuma amenyoosha mukono tangu mwanzo. Anauliza kama /var/run/docker.sock, soketi ya Docker (programu ya kutembeza kontena, ni kusema vifurushi vya programu vyenye kushirikia kerneli ya mashini), ni vile vile. Ndiyo, ni vile vile, tena ni rahisi zaidi: mwenye kuwa ndani ya kikundi cha docker anawasha kontena moja yenye imepewa foda / ya mashini, na amekuwa root, mustari mumoja tu. Na wale wenye wanaingiza docker.sock ndani ya kontena ili programu ya kuangalia itumike, kontena ile imekuwa root, hata kama imepewa njia ya kusoma tu, juu ro pale inazuia kufuta faili ya soketi, haizuii kutuma amri ndani yake. Tofauti ni hii: ukiweka Docker ndani ya VM, root yenye mutu atapata ni ya VM ile, ukuta wa KVM ungali katikati yake na kontabilite. Kwa hiyo kontena zote ziingie ndani ya VM moja yake peke yake, poti 2375 ya Docker ifungwe, na watu wa kikundi cha docker wa VM ile wasikuwe na jina kwenye seva yenyewe.